Safu: Kutunza Thamani Nyingi kwa Jina Moja

Chukulia kuwa umekabidhiwa kazi ya kuandika vipimo kwenye duara la wachimbaji wadogo jirani na Bugarama, mkoani Shinyanga. Mifuko mitano ya mawe imetolewa. Kabla ya kwenda kwenye karasha ni lazima ipimwe, kwa sababu mgao wa mwenye duara na wachimbaji wake utafuata hesabu yako. Uzito kwa kilo ni 48, 52, 50, 47 na 53.

Ungeweza kutumia vibadilika vitano: mfuko1, mfuko2, mpaka mfuko5. Je, mifuko ikiwa 200? Hapo ndipo safu inapohitajika.

Maana ya safu

Safu ni kibadilika kimoja kinachotunza thamani nyingi kwa mpangilio, kila thamani ikiwa katika nafasi yenye nambari yake. Katika JavaScript, lugha ya skripti iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995, safu huandikwa ndani ya mabano ya mraba:

let mifuko = [48, 52, 50, 47, 53];

Nambari za nafasi

Kuhesabu nafasi huanzia 0, si 1. Nambari ya nafasi inaonyesha umbali kutoka mwanzo wa safu, na thamani ya kwanza haina umbali wowote kutoka mwanzo.

Nafasi: 0, 1, 2, 3, 4
Thamani: 48, 52, 50, 47, 53

Kwa hiyo mifuko[0] ni 48, na mifuko[3] ni 47, yaani mfuko wa nne. Idadi ya thamani zote hupatikana kwa mifuko.length, ambayo hapa ni 5. Kumbuka: nafasi ya mwisho daima ni idadi kutoa 1.

Kutafuta jumla

Kitanzi hupita kila nafasi na kujumlisha:

let jumla = 0;
for (let i = 0; i < mifuko.length; i++) {
  jumla = jumla + mifuko[i];
}
console.log(jumla);

Jibu ni 250. Kitanzi hiki hakibadiliki hata mifuko ikifika 200.

Makosa mawili ya kuepuka

1. Kuandika i <= mifuko.length. Kitanzi kitafika nafasi ya 5, ambayo haina kitu, na jibu litakuwa NaN, maana yake "si nambari". Kosa hili hujitangaza lenyewe.

2. Kuanza na i = 1. Jibu litakuwa 202. Kompyuta haitalalamika, na 202 inaonekana kama jumla halali. Lakini mfuko wa kwanza, kilo 48 za jasho la mtu, haumo kwenye hesabu.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu liko kimya. Kabla ya kuiamini programu yako, ijaribu kwa safu fupi ambayo unaweza kuijumlisha kwa kalamu, kisha linganisha majibu.

Maswali ya kujipima

Tumia safu ya mifuko iliyo hapo juu.

1. Taja thamani ya mifuko[4].
2. Imegundulika kuwa mfuko wa nne ulikuwa na kilo 49, si 47. Andika sentensi ya kurekebisha.
3. Mfuko wa sita wenye kilo 55 umeletwa. Andika sentensi ya kuuongeza mwishoni mwa safu.
4. Baada ya mabadiliko yote mawili, jumla ni ngapi, na nafasi ya mwisho ni ipi?

Majibu

1. 53
2. mifuko[3] = 49;
3. mifuko.push(55);
4. Jumla ni kilo 307. Nafasi ya mwisho ni 5. Ukipata 6, umetaja idadi ya mifuko badala ya nafasi. Rudia sehemu ya nambari za nafasi.