Jinsi Picha Inavyoweza Kuonyesha Moyo

Watu wengi hudhani ya kuwa kazi ya picha ni kuonyesha sura tu. Katika studio za zamani, kama Capital Art Studio iliyofunguliwa na Bwana Ranchhod Oza mjini Unguja mwaka 1930, mtu alikwenda amevaa nguo zake nzuri, akakaa sawasawa, akatazama kamera. Jamaa zake walioipata picha walijua kuwa hajambo. Lakini iko picha ya namna nyingine, ambayo ni sanaa kama ushairi, nayo hujaribu kuonyesha lile ambalo mtu halisemi. Napenda kueleza jinsi inavyowezekana, maana huzuni haina rangi wala umbo.

Mfano niupendao ni wa kale sana. Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre alipiga picha ya barabara moja ya Paris kutoka dirishani. Siku hizo picha ilihitaji dakika kadhaa kushika. Barabara ilikuwa na watu na magari ya farasi, lakini kwa kuwa wote walikuwa mwendoni, picha haikuwashika. Aliyebaki wazi ni mtu mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu. Hata mng'arishaji mwenyewe haonekani vizuri! Sidhani kama Daguerre alikusudia kuonyesha upweke, lakini ndio niuonao mimi.

Sasa twende Kariakoo, ambako kaka yangu anauza mashati. Ndani ya kamera mna mlango mdogo uitwao shata. Ukifunguka kwa sehemu moja ya mia tano ya sekunde, kila apitaye huganda, hata mguu ulio hewani. Ukifunguka kwa sehemu moja ya nane, na kamera imewekwa juu ya kitu kisichotikisika, wapita njia huwa kama moshi, na aliyesimama hubaki wazi.

Likizo iliyopita nilijaribu kwa kamera ya kuazima, nikaiweka juu ya kreti la soda. Niliyempiga ni kijana mwenye meza jirani na ya kaka. Jina lake silitaji. Ilikuwa jioni, kesho yake ni siku ya kodi, naye hakuwa ameuza kitu tangu asubuhi. Wachukuzi wa mikokoteni walipita wakiomba njia, na akina mama wenye mifuko, na wapiga debe. Wote wakawa ukungu. Yeye amesimama katikati, shati mkononi. Kila Jumapili humwambia mama yake kwa simu, "Huku kwema, Mama," na ukimwuliza wewe atakujibu vivyo hivyo.

Nilipomwonyesha aliitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hiyo ni mimi kabisa. Ifute." Nikaifuta. Wako wasemao kuwa mpiga picha hana haja ya ruhusa akiwa barabarani. Mimi sikubaliani nao, hasa picha ikiwa ya namna hii, kwa maana anayepigwa huchukuliwa kitu alichokificha hata kwa mamaye.

Hata hivyo uso si lazima. Kivuli chaweza kufanya kazi hiyo, au kioo cha duka, au mgongo wa mtu. Siku ya pili, jua lilipoinama, kivuli cha kijana yule kiliangukia mashati yaliyotundikwa, kirefu, kimepinda mabegani. Nilimwomba. Akacheka, akasema, "Hicho chukua, hakina jina." Sasa kimebandikwa katika chumba chetu cha sanaa, karibu na dirisha.