KUTAFUTA HABARI ZA WAZEE WETU

Watoto wa nyumba za Kikristo hupenda kuwauliza wazazi wao: Babu wa babu yangu alikuwa nani, naye alitoka wapi? Katika nyumba nyingi jibu hupatikana upesi, kwa kuwa ukoo unajulikana na makaburi ya wazee yapo. Lakini ziko nyumba nyingine, za Mbweni kule Unguja, na Freretown karibu na Mombasa, na Bagamoyo, na Masasi, ambamo jibu hukatika ghafula, kama njia iliyofika mtoni pasipo daraja. Mzee husema, "Babu yetu aliletwa," kisha hunyamaza. Maneno haya yameandikwa kwa ajili ya nyumba hizo hasa, ingawa kila mtu atakayeyasoma ataona faida.

Labda mtu atasema, Je, jambo hili lamfaa Mkristo? Maana Mtume Paulo alimwonya Timotheo juu ya nasaba zisizo na mwisho. Ni kweli, lakini alionya juu ya nasaba ziletazo mabishano na majivuno. Injili ya Mathayo yenyewe huanza kwa orodha ya nasaba. Tena ndani yake hakufichwa Tamari, wala Rahabu, wala Ruthu mgeni, wala yule aliyekuwa mke wa Uria. Na katika kitabu cha Ezra tunasoma habari za makuhani waliorudi kutoka Babeli, wakayatafuta majina yao katika orodha wasiyaone, nao wakazuiliwa kazi yao. Basi uhamisho huweza kulipoteza jina la mtu, na kulitafuta si dhambi.

Tukumbuke kwanza jinsi majina ya wazee wetu yalivyopotea. Mwaka 1873 Seyyid Barghash alitia mkono mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Lakini magendo yaliendelea miaka mingi, na manowari za Kiingereza zikayakamata majahazi yaliyojaa watu. Watoto wengi walioopolewa humo walikabidhiwa misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa Bagamoyo tangu 1868. Misheni ya vyuo vikuu, yaani U.M.C.A., ilikuwa na shamba la Mbweni, nao C.M.S. walianzisha Freretown mwaka 1875. Mwaka 1876 Askofu Steere alikiongoza kikosi cha watu wa Mbweni kurudi bara upande wa Nyasa, wakakaa Masasi. Wengi wa watu hao walikuwa wameibwa wangali wadogo. Wengine walijua jina la kijiji chao tu, wengine hawakumjua baba yao ila kwa neno "baba".

Basi mtu atafuteje? Aanze nyumbani, wala asianze mbali. Vitabu vitangoja, lakini mzee hangoji. Mwendee bibi au babu kwa adabu, usimhoji kama hakimu. Usimwulize, "Ulizaliwa mwaka gani?" Mwulize, "Wakati wa vita vya Maji Maji mama yako alikuwa mtoto au alikuwa ameolewa?" Maana vita vile vilikuwa 1905 hata 1907, na kwa jibu lake utaupata mwaka kwa kukisia. Kadhalika vita vikuu vya 1914 hata 1918, na maradhi ya mafua yaliyofuata. Uliza pia majina yanayorudiwa katika ukoo, nyimbo za kubembeleza watoto, na maneno ambayo bibi alisema alipokasirika yasiyokuwa ya Kiswahili. Uliza mwiko wa nyumba: ni nyama gani hawali, na kwa nini? Mara nyingi jina la kabila limesahauliwa, lakini mwiko wa ukoo umebaki jikoni. Andika yote kama yalivyosemwa, pamoja na jina la aliyesema na tarehe.

Kisha nenda kwa kasisi wako, ukaombe kutazamiwa kitabu cha ubatizo. Humo mna tarehe, jina la ubatizo, na mara nyingi jina la zamani, wazazi ikiwa walijulikana, na wadhamini. Usiwapuuze wadhamini, kwa kuwa watu walioletwa katika jahazi moja, au waliotoka nchi moja, walisimamiana wao kwa wao kama ndugu. Tazama na kitabu cha ndoa, na cha maziko. Lakini jihadhari na maandishi. Mwandishi mgeni aliandika kama alivyosikia, basi herufi L na R hubadilishana, na Myao huweza kuandikwa kwa namna tatu au nne. Tena majina kama Mabruki, Feruzi, Songoro na Baraka walipewa watumwa wengi wa pwani. Kwa hiyo kumwona Mabruki kitabuni si kumwona babu yako. Zitafutwe ishara tatu zinazopatana, kama vile jina, mahali na mwaka, au jina, mke na mdhamini, ndipo mtu aseme, "Huyu ndiye."

Ikiwa kanisani hamna habari, ziko nyumba za nyaraka. Ile ya Zanzibar iko Kilimani mjini Unguja. Humo mna vitabu vya mabalozi wa Kiingereza, na vya serikali ya Sultani. Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri kwamba mtumwa akienda kortini na kudai uhuru wake atapewa, na bwana wake alipwe fidia. Kwa kuwa fedha ilitolewa, ilibidi kuandika. Na kwa kuwa waliandika, majina ya watu wanyonge yakahifadhiwa karibu na majina ya wakubwa. Kwa Kenya iko nyumba ya nyaraka Nairobi, na kwa Tanzania bara iko Dar es Salaam, nayo ina na majalada ya wakati wa Wadachi.

Barua za mapadre na wamisionari zilikwenda kwao Ulaya. Nyaraka za U.M.C.A. zimo katika maktaba ya Bodleian kule Oxford, na za C.M.S. katika chuo kikuu cha Birmingham. Wamoravian wana nyumba yao ya nyaraka Herrnhut katika Ujerumani. Zamani habari hizi zilikuwa kwa wenye nauli tu. Siku hizi mtu mwenye simu au kompyuta huweza kuandika barua kwa intaneti, akamwuliza mtunzaji wa nyaraka swali lake. Swali liwe fupi na wazi: jina, mahali, na miaka. Ukiuliza, "Niambieni habari za ukoo wangu," hutapata jibu la kukufaa.

Tena viko vitabu vya zamani vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuwekwa katika intaneti, na kuvisoma ni bure. Nataja vitabu viwili vinavyotuhusu, mtu avitafute maktabani au penginepo. Mwaka 1887 kilipigwa chapa London kitabu kiitwacho Kiungani, ambamo vijana wa shule ile ya Unguja walisimulia wenyewe jinsi walivyotekwa na kuuzwa mpaka wakaokolewa, naye A. C. Madan akayafasiri maneno yao kwa Kiingereza. Na mwaka 1934 James Mbotela alitoa Uhuru wa Watumwa, habari za wazee wake na za watu wa Freretown. Hata kama jina la babu yako halimo, utaijua njia aliyopitishwa.

Kwa majina yenyewe, iko tovuti ya FamilySearch, iliyo mali ya kanisa la Wamormoni la Marekani, yenye picha za vitabu vingi vya dunia, nayo haitozi ada. Na kwa ndugu zetu ambao wazee wao walivushwa mpaka Omani na nchi za Ghuba, iko maktaba ya intaneti ya Qatar, iliyofunguliwa 2014 kwa kushirikiana na maktaba kuu ya Uingereza. Humo mna maombi ya watumwa waliokwenda kwa wakala wa Kiingereza kutaka hati ya uhuru, wakieleza walikozaliwa na jinsi walivyochukuliwa, na miongoni mwao wamo waliozaliwa Afrika ya Mashariki. Lakini usiamini kila mti wa ukoo uliochorwa na mtu mwingine katika intaneti. Mwulize, "Umeipata wapi habari hii?" Asipoweza kujibu, iache kando. Wala usiyaweke huko majina na tarehe za watu walio hai, maana si mali yako peke yako.

Sasa lipo jambo zito kuliko yote. Atafutaye huenda akaona asilolitafuta. Huenda akaona kwamba babu aliyesifiwa kuwa mwana wa mji aliletwa kwa jahazi. Au kwamba mtoto fulani aliandikwa pasipo jina la baba. Wako watu waliobuni nasaba za utukufu ili kuifunika aibu hiyo, na watoto wao wameurithi uwongo. Lakini aibu ni ya nani? Si ya mtoto aliyeibwa njiani akienda kuteka maji. Ni ya aliyemwiba, na ya aliyemnunua. Wana wa Israeli waliamriwa wakumbuke kwamba walikuwa watumwa Misri, ili wasimwonee mgeni. Basi kweli isemwe nyumbani, kwa upole, na wazee waulizwe kwanza; lakini isitangazwe sokoni, wala isitumiwe kama fimbo katika ugomvi wa ndoa au wa shamba. Aliyeifahamu siri ya jirani kitabuni na ainyamazie.

Nanyi walimu, kazi yenu ni kubwa. Vitabu vya ubatizo huliwa na mchwa, na maji ya mvua huvifuta. Mwombeni kasisi ruhusa, mkavinakili kwa mkono safi au kuvipiga picha kwa simu, na nakala iwekwe mahali pengine. Katika shule, kila mtoto aandike majina ya babu zake na bibi zake, wa kuumeni na wa kikeni. Na asiyeweza asichekwe, bali asaidiwe.

Na kama mtu ametafuta kila mahali, asiione hata herufi moja? Na aandike hivi katika kitabu cha nyumba yake: "Hapa palikuwa na mtu, na jina lake hatulijui." Kisha amwombee kanisani. Mungu, aliyezihesabu nyota na kuzipa zote majina, hakumsahau, naye atatuonyesha wazee wetu siku ile atakapotukusanya sote.