Namba ya Siri: Simu za Mkononi na Msamiati Wetu

Wanafunzi wetu huuliza mara kwa mara kama Kiswahili kinaweza kuyabeba mambo ya teknolojia mpya. Sisi tunaona swali hilo limechelewa. Kimekwisha kuyabeba, tena bila kungoja kamati ya istilahi.

Tuchukue mfano wa pesa za simu. Kampuni ya Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya mwezi Machi 2007, mwaka uleule Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Katika majaribio yaliyoanza mwaka 2005 huduma hiyo ilikusudiwa kulipia mikopo midogo, lakini watumiaji waliigeuza kuwa njia ya kutumiana fedha. Hapa Bujumbura zilifuata EcoCash na Lumicash, na mfanyabiashara wa Buyenzi akaweza kupokea malipo kutoka Rumonge bila kungoja basi.

Biashara hiyo ilihitaji maneno, ikayachukua sokoni. Wakala, yaani mtu atendaye kwa niaba ya mwingine, akawa yule anayeketi chini ya mwavuli na kuhesabu noti. Muamala, ambao zamani ulikuwa uhusiano na mapatano baina ya watu, sasa ni kila tendo la kutuma au kupokea. Salio limetokana na kusalia, wala halihitaji kamusi.

Tunalolipenda zaidi ni namba ya siri. Jina hilo limebeba sharti lake lenyewe: siri haitajwi. Bibi asiyejua kusoma akilisikia, amekwisha kupata nusu ya somo la usalama. Neno la Kifaransa code halimwambii kitu. Tena likitamkwa kwa Kiswahili hukaribia kodi, naye anaweza kudhani anadaiwa!

Si maneno yote yaliyo na bahati hiyo. Kutoa kunatatiza. Ukimtolea mtu pesa umempa, lakini kwenye simu "toa pesa" ni kuchukua fedha zako mwenyewe kwa wakala. Mwalimu afafanue tofauti hii darasani, maana anayekosea hapa hapotezi alama za mtihani bali fedha.

Serikali nazo zimeingia. Tanzania ilitunga Sheria ya Serikali Mtandao mwaka 2019, na raia akisikia jina hilo hupata fununu ya maana yake. Kwetu fomu nyingi za ofisini ni za Kifaransa. Zikihamia kwenye simu katika lugha hiyohiyo, mtu anayejua Kirundi na Kiswahili cha mtaani atampa kijana simu yake amjazie, pamoja na namba ya siri. Hapo siri imekwisha, na huenda salio nalo.

Sasa yamekuja majina matatu yanayoshindana: akili bandia, akili mnemba na akili unde. Sisi twaelekea kwenye la tatu, kwa kuwa mwanafunzi ataona kuunda ndani yake. Bandia hutukumbusha mno noti bandia.

Wanafunzi wa mwaka wa tatu, tunawaomba mwende kwa mawakala wa Buyenzi na Bwiza, mwandike maneno wanayotumia wateja kwa Kiswahili na Kirundi wanapoweka, wanapotuma na wanapochukua fedha. Leteni orodha zenu ofisini kabla ya mwisho wa muhula. Namba za siri za watu msiziandike.