Jiko na msala: Fedha ya karafuu inapoingia nyumbani Konde

Katika soko la Konde, kaskazini ya kisiwa cha Pemba, biashara ya vifaa vya ujenzi hufuata karafuu. Karafuu zikianza kuanikwa majamvini, wenye nyumba nao huanza kuulizia saruji, mabomba na marumaru. Mikarafuu isipozaa, maboksi ya marumaru hukaa dukani yakila vumbi na mtaji wa mwenye duka ukalala humo humo.

Nyumba ikishaezekwa bati na kutiwa milango, fedha ya msimu unaofuata kwa kawaida huelekea sehemu mbili: jiko na msala. Ni sehemu ndogo kuliko zote, lakini ndizo zinazomeza vifaa vingi vya dukani kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo mfanyabiashara na mwekezaji mdogo hana budi kujua kazi hizi zinavyokwenda: kipi kinanunuliwa, kipi kinadumu, na kipi kinarudisha fedha.

FEDHA YENYEWE INATOKA WAPI

Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba, na Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar (ZSTC) ndilo hununua kwa mkulima. Uchumaji huanza kwa kawaida baada ya mvua za masika na huweza kuendelea hadi mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Tatizo ni kwamba mkarafuu hauzai sawasawa. Mwaka mmoja huelemewa na mazao, mwaka wa pili ukazaa kidogo. Aidha, wazee wanakumbuka jinsi bei ilivyoporomoka katika miaka ya 1980, baada ya Indonesia, aliyekuwa mnunuzi mkubwa, kupanda mikarafuu yake na kujitosheleza.

Chemchemi ya pili ni jamaa walioko nje ya kisiwa: Wapemba wenye maduka Dar es Salaam na Unguja, na walioko Oman na nchi nyingine za Ghuba. Fedha hii haifuati mvua, bali hufuata Idi, harusi na likizo. Mwenye duka anayeweka kumbukumbu zake vizuri hujua ni mteja gani anategemea shamba na ni yupi anategemea ndugu. Wa kwanza atanunua kwa mkupuo mmoja kisha atoweke hadi msimu ujao. Wa pili hununua kidogo kidogo mwaka mzima.

Jambo la tatu lililobadilisha soko ni umeme. Hadi mwaka 2010 Pemba ilitegemea majenereta ya Wesha. Mwaka huo waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga ulianza kuleta umeme wa gridi. Tangu hapo nyumba inaweza kuwa na friji na pampu ya kupandisha maji tangini. Jiko lililojengwa bila nafasi ya friji wala soketi, na msala uliojengwa kwa ajili ya ndoo, vyote vikawa vya kurekebishwa.

JIKO: MOSHI, NAFASI NA KABATI

Jiko la kawaida la Konde liko uani: kibanda, mafiga, kuni au makaa, na vyombo vinavyobebwa kuingizwa ndani na kutolewa nje. Anayetaka kurekebisha asianze na kabati. Aanze na moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, itokanayo hasa na kupikia kuni, makaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Serikali ya Tanzania nayo ilitoa mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Maana yake kwa soko ni moja: majiko ya gesi yatazidi kuulizwa.

Lakini mtungi wa gesi una masharti yake. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutambaa chini sakafuni, haipandi dirishani. Jiko la gesi linahitaji tundu la hewa karibu na sakafu, pamoja na dirisha la juu. Mtungi uliofungiwa kabatini pasipo tundu ni hatari. Fundi asiyelijua hili asipewe kazi, na muuza mitungi anayemweleza mteja jambo hili atakuwa amejijengea jina.

Baada ya hewa ni meza ya kufanyia kazi. Meza ya zege yenye kimo cha sentimeta 85 hadi 90 na upana wa sentimeta 60 inamtosha mtu mzima kusimama na kukata mboga bila kuumiza mgongo. Hata hivyo, si kazi zote za jiko la Pemba hufanywa kwa kusimama. Nazi hukunwa kwa kukaa juu ya mbuzi, na samaki hutengenezwa chini karibu na maji. Mwenye nyumba aliyejaza meza pande zote tatu mwishoni hukuta mkewe amerudi uani kukuna nazi. Meza pande mbili, na nafasi ya sakafu iliyobaki wazi, yenye mteremko kuelekea kwenye tundu la maji, inafaa zaidi na ina gharama ndogo.

Kuhusu makabati, hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Makabati yaliyotengenezwa kwa mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa yanapendeza dukani, lakini yakipata maji hufura, na bawaba zikang'oka. Unyevu wa masika na chumvi ya bahari vinatosha kuyaharibu. Njia iliyo imara ni kujenga kuta fupi za matofali chini ya meza ya zege, kuzipiga niru au marumaru, kisha kutia milango ya mbao ngumu. Mfenesi hutumiwa sana na maseremala wa Zanzibar na unafaa. Mbao ziwe zimekauka barabara na zipakwe dawa ya mchwa. Mnunuzi aulize pia zinatoka wapi. Msitu wa Ngezi, jirani na Konde, ni hifadhi, na mbao zisizo na kibali huweza kukamatwa pamoja na fedha ya mnunuzi.

MSALA: MAJI KWANZA, UREMBO BAADAYE

Wateja wengi huingia dukani wakiulizia choo cha kukaa chenye tangi la kuvutia maji. Kabla ya kununua, wapige hesabu ya maji. Tuchukue nyumba ya watu 6, kila mmoja akienda mara 4 kwa siku. Choo cha tangi la lita 9 kitatumia lita 216 kwa siku. Choo cha kuchutama cha kumwagia lita 3 kitatumia lita 72. Tangi la lita 1,000 litakwisha kwa siku 4 na kidogo katika nyumba ya kwanza, na litakaa karibu siku 14 katika nyumba ya pili, na hapo hatujahesabu kuoga wala kupika. Mahali ambapo maji ya bomba hayatoki kila siku, tofauti hiyo ni kubwa. Vyoo vipya vya kukaa vyenye vitufe viwili hutumia maji machache zaidi, na mwenye wazee nyumbani ana sababu nzuri ya kuvinunua. Lakini choo cha kuchutama chenye sinki jeupe la kauri bado ni bidhaa yenye wateja wa kudumu, na hakina tangi la kuharibika.

Tangi nalo lina uzito. Lita 1,000 za maji ni tani moja kamili. Mnara wa mbao au ukuta mwembamba hauwezi kulihimili kwa usalama. Aidha, nguvu ya maji hutokana na kimo: tangi lililo mita 1 tu juu ya bomba la mvua litatoa maji ya kudondoka. Mita 3 na zaidi ndipo mtu huoga akaridhika.

Karo ndilo jambo zito kuliko yote. Zanzibar imekumbwa na kipindupindu mara kadhaa tangu 1978, na mlipuko wa 2015 na 2016 bado unakumbukwa. Inashauriwa karo liwe angalau mita 30 kutoka kisimani. Katika ardhi ya maweni, ambayo miamba yake ina nyufa, maji machafu husafiri haraka, hivyo umbali usipunguzwe. Msala wenye marumaru ya kung'aa na karo lililo mita 10 kutoka kisima cha jirani ni ugonjwa uliopambwa, na mwisho wake huweza kuwa kesi. Bomba la choo liwe la inchi 4, na mteremko wake uwe sentimeta 1 kwa kila sentimeta 40.

Lipo pia suala la kibla. Wateja wa Konde hawapendi choo kielekee kibla wala kukipa mgongo. Kutoka Pemba, Makka iko takriban kaskazini moja kwa moja. Kwa hiyo choo kikitazama mashariki au magharibi, ubishi umekwisha. Bora jambo hili lipimwe kabla ya kumwaga zege, kwani kuvunja sakafu ni gharama mara mbili.

HESABU YA MARUMARU

Msala wa mita 2 kwa mita 1.5 una sakafu ya mita 3 za mraba. Marumaru ya sentimeta 30 kwa 30 yanayohitajika ni 34. Ongeza asilimia 10 kwa kukata na kuvunjika, unapata 37 au 38. Kuta zikipandishwa hadi mita 1.8, ukatoa mlango, zitachukua kiasi cha mita 11.3 za mraba. Marumaru ya sentimeta 25 kwa 40 yatakuwa 113, na pamoja na akiba ni 125. Muuzaji anayempigia mteja hesabu hii kwenye karatasi hurudiwa. Anayebahatisha hurudishiwa maboksi. Sakafuni pasitumike marumaru laini ya ukutani, kwa kuwa hutelezesha.

Kwa upande wa mwenye duka, hatari iko njiani. Boksi la marumaru makubwa huwa na uzito wa takriban kilo 30. Mzigo ulioshushwa bandari ya Mkoani, kusini, hupita karibu urefu wote wa kisiwa kabla ya kufika Konde. Anayeshushia Wete anapunguza safari hiyo ya barabara.

Tuseme umenunua na kusafirisha maboksi 100, kila moja likakusimamia shilingi 30,000. Mtaji ni 3,000,000. Ukiuza kila boksi 34,000, unatarajia faida ya 400,000. Yakivunjika 8, mauzo yatakuwa 3,128,000 na faida itashuka hadi 128,000. Yakivunjika 12, umepata 2,992,000, yaani umekula hasara ya 8,000 kabla ya kulipa kodi ya duka. Huu ni mfano tu, lakini unaonyesha kuwa faida ya marumaru iko mikononi mwa wapakuzi. Lipa kidogo zaidi ili yapakuliwe kwa upole.

Habari njema ni kwamba si lazima mzigo utoke China au Dubai. Viwanda vya marumaru vya Mkuranga na Chalinze, Mkoa wa Pwani, vilivyoanza uzalishaji katika miaka ya 2010, vinamwezesha mwenye duka kuagiza mara nyingi na kidogo kidogo, badala ya kufunga mtaji wote katika kontena moja.

NYUMBA YA KUPANGISHA

Wapo wanaouliza kama marekebisho yanalipa kwa nyumba ya kupangisha. Wapangaji wa Konde ni walimu, wauguzi, watumishi wa Serikali na wale wafanyao kazi katika hoteli za upande wa Kigomasha. Wilaya ya Micheweni ilitangazwa kuwa na eneo huru la uchumi tangu 1992, na matumaini ya wapangaji wengi yamekuwepo tangu wakati huo. Mwenye busara apige hesabu kwa wapangaji waliopo, si wanaotarajiwa.

Tuseme umetumia shilingi 1,800,000, na kodi ikapanda kwa 30,000 kwa mwezi. Fedha itarudi baada ya miezi 60, yaani miaka 5. Nyumba ikikaa tupu miezi 2 kila mwaka, itakuwa miaka 6. Kwa hiyo kitu utakachotia lazima kiishi zaidi ya miaka 6. Karo, mabomba, tangi na meza ya zege vitafika. Kabati la unga wa mbao na koki ya bei rahisi iliyopakwa rangi ya fedha havitafika, kwani chumvi ya bahari huzila mapema.

USHAURI

Kwa mwenye duka: msimu ukiwa mkubwa, uza marumaru na mapambo, lakini usiagize mzigo mwingine mkubwa kwa kudhani mwakani utakuwa vile vile. Katika miezi mikavu shikilia vitu vinavyouzika karafuu ziwepo au zisiwepo: mabomba, koki imara, gundi, saruji nyeupe, sinki za vyoo vya kuchutama. Deni la kulipwa "karafuu zikichumwa" liwe na kikomo na liandikwe mbele ya mashahidi.

Kwa mwenye nyumba mwenye fedha ya msimu mmoja tu, mpango ni huu: kwanza karo na mabomba, pili hewa ya jiko, tatu tangi la maji, nne meza na makabati. Marumaru ya rangi yangoje msimu wa pili. Vya kwanza hivi vikifanywa vibaya, sakafu na kuta zitavunjwa pamoja na marumaru yake.