Nani Aitikie? Makundi ya Wanafunzi Simuni

Tulipokuwa wadogo chuoni, maalim wetu alitufundisha kwamba kuanza kutoa salamu ni sunna, bali kuitikia ni faradhi. Kisha akaongeza: salamu ikitolewa kwa jamaa ya watu, akiitikia mmoja wao imewatosha wote, na wote wakinyamaza, lawama ni ya wote. Hiyo ndiyo faradhi kifaya. Nyingine ni faradhi aini, ambayo kila mtu hudaiwa kwa nafsi yake, wala mwenziwe hawezi kumtulia mzigo huo.

Huenda msomaji akauliza, mafunzo haya yahusu nini Thika na Ruiru, miji ya bara ya mananasi na kahawa? Jawabu ni kwamba huko nimewaona vijana wetu, wa pwani na wa bara, wakisoma pamoja bila ya kuonana, na kinachowataabisha zaidi ya vitabu ni hili la nani aitikie.

Njia ya kutoka Nairobi kwenda Thika imekuwa njia ya vyuo. Kahawa pana Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ukiisha kuipita Ruiru wafika Juja, penye Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kilichoanza masomo mwaka 1981. Thika nako kuna Chuo Kikuu cha Mount Kenya, kilichopata hati yake mwaka 2011. Ugonjwa wa korona ulipoingia nchini Machi 2020 na vyuo vikafungwa, masomo yalihamia simuni, na hata milango ilipofunguliwa tena desturi hiyo haikwisha. Mwaka 2023 serikali ilitoa hati ya Chuo Kikuu Huria cha Kenya, ambacho mafundisho yake ni ya mtandaoni. Basi siku hizi si ajabu wanafunzi watano au sita wakapewa kazi moja, wakaunda kundi la WhatsApp, na alama wakagawana sawa.

Binti ya ndugu yangu anasoma Thika, naye yu mwaka wa mwisho. Kundi lao lilikuwa la watu sita: wawili Thika, mmoja Ruiru, mmoja Kwale, mmoja Garissa na mmoja Nakuru. Nilipokwenda kumtazama nilimkuta amenuna. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na kazi yatakiwa Jumapili usiku. Alikuwa ameandika mara tatu, "Jamani, tumefika wapi?" Tiki mbili za buluu zaonyesha kuwa wote wamesoma. Jibu hakuna.

Aliyemkasirisha zaidi ni kijana wa Ruiru, ambaye kwa majuma matatu hakuwa ametamka neno. Wenziwe walikuwa wamekwisha kubaliana pembeni, pasi na yeye kujua, kwamba jina lake lifutwe. Akifutwa atapata sufuri, na akipata sufuri atalirudia somo na kulilipia karo upya.

Nikamwuliza, "Mmempigia simu?"

"Ami, yumo kundini. Ujumbe anauona."

"Na Ruiru ni mbali?"

"Nusu saa kwa matatu."

Akapiga. Kijana akapokea kwa sauti ya usingizi. Kumbe ni bawabu wa usiku katika ghala moja, na mchana ndio usiku wake. Bando hununua za shilingi chache, zisizotosha kufungulia mafaili. Sehemu yake ya kazi alikuwa ameiandika yote kwa mkono daftarini, kurasa kumi na moja, akingoja kuambiwa aipeleke wapi. Mbona hakuuliza? Alisema kwamba kila alipofungua kundi alikuta jumbe tele zimerundikana, akaona haya kuuliza jambo ambalo pengine limekwisha kujibiwa.

Jumamosi tulikwenda kukutana naye Ruiru, kwenye stendi ya matatu. Daftari alikuwa amelifunga kwa gazeti. Binti yetu alizipiga picha kurasa zote, akarudi Thika akazichapa, na Jumapili kazi ikapelekwa ikiwa na majina sita.

Sasa lawama tumpe nani? Mwaka 1913 mhandisi mmoja wa Ufaransa, Max Ringelmann, alichapisha matokeo ya majaribio yake ya watu kuvuta kamba. Alikuta kwamba kadiri wavutaji walivyozidi, ndivyo nguvu ya kila mmoja ilivyopungua. Mwaka 1974 wataalamu wa Marekani waliwafunga watu vitambaa machoni, wakawaambia kuwa nyuma yao kuna wengine wanaovuta, ilhali hakukuwa na aliyevuta. Hata hivyo mvuto wao ulilegea. Wanafunzi wa simuni ndio hao waliofungwa vitambaa. Hawaonani, na kila mmoja hudhani nyuma yake kuna mwingine avutaye. Kujibu wamekufanya faradhi kifaya, na haikutokea hata mmoja wa kuitimiza.

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili pasi na majaribio. Chombo kikishuliwa baharini, mmoja hutoa sauti na wengine wakaitikia, na katika kuitikia huko ndimo mikono yote huvuta kwa pamoja. Washairi wetu nao wamefanya kazi ya pamoja kwa mbali tangu zamani. Zama za Vita vya Shela, karibu na mwaka 1812, Muyaka bin Haji yuko Mombasa na Zahidi Mngumi yuko Lamu, bahari kati yao, na walijibizana kwa mashairi. Waama walikuwa mahasimu, na bado walisikilizana kuliko hawa walio marafiki. Katika majibizano shairi huwa na mwenyewe anayeulizwa, na mjibu aghalabu hulishika neno la mwenziwe ndipo aweke lake, ikajulikana kuwa amesikia.

Kwa hiyo ningewausia vijana mambo matatu. Kwanza, ujumbe wa kazi uitwe kwa jina: "Fulani, sehemu ya pili naitaka Alhamisi", usiwe wa "jamani". Pili, anayejibu ataje alichoombwa, kwani tiki yaonyesha jicho limepita tu, na kuelewa ni jambo jingine. Tatu, anayenyamaza apigiwe simu kabla ya kuhukumiwa, na siku ya kupiga iwe ya tatu, isingoje juma la tatu. Kunyamaza kuna sababu nyingi: bando, zamu ya usiku, maradhi, haya. Uvivu nao umo, lakini hautajulikana mpaka mtu aulizwe.

Nao waalimu wakumbuke kwamba kuwagawa watu sita na kuwapa alama moja hakujawafanya kundi. Kila mmoja aandikiwe sehemu yake kwa jina, iwe faradhi aini, hata mwenye daftari la mkono ajue atalikabidhi kwa nani.

Beti hii nawaachia, waiweke kundini:

Mwenzio anapokwita, mjibu akaelewa,
Kamba moja mkivuta, chombo hakitazuiwa,
Kimya huzusha matata, na wema wakadhaniwa,
Neno halifi kwa mbali, hufa kwa kutojibiwa.