Kompyuta ya Kuhariria Video: Tunavyochagua Vipuri Vyake

Katika vikao vya bajeti vya mwaka huu swali moja limejirudia kutoka kamati za sharika, na baadhi ya marafiki zetu wa nje wameliuliza kwa barua: kwa nini mradi wa video wa Karatu na Ngorongoro haununui kompyuta iliyokamilika dukani, bali unanunua vipuri kimoja kimoja na kumpa fundi aviunganishe? Wazee wa usharika mmoja waliuliza kwa lugha ya wazi zaidi: kompyuta mpakato moja nzuri haitoshi? Fedha hizi ni matoleo ya watu, kwa hiyo tunaona ni haki kueleza kila kipuri kinafanya nini.

Tuanze na kazi, maana kazi ndiyo iliyochagua vipuri. Mradi una kazi mbili.

Ya kwanza ni kanda za zamani. Katika makabati ya sharika, kuanzia Rhotia na Mbulumbulu hadi Oldeani, Mang'ola na Endulen, zimo kanda ndogo za MiniDV zilizorekodiwa kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na miaka ya 2000. Ndani yake kuna mikutano ya Injili, uwekaji wa mawe ya msingi, kwaya ambazo wanakwaya wake leo ni babu na bibi, na wazee wakisimulia kwa Kiiraqw na Kimaasai jinsi Neno lilivyofika kwao. Wengi wa wazee hao wamekwisha kutwaliwa na Bwana. Tena, tangu mwaka 2022 familia nyingi zilizokuwa zikiishi ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro zimehamia Msomera, wilayani Handeni, na huenda kwa baadhi yao kanda hizo ndizo zilizobeba sura ya ibada za kule walikotoka.

Utepe wa sumaku hauishi milele. Unyevu huuotesha ukungu, joto huukunja, na mashine za kuuchezesha hazitengenezwi tena. Kanda ya saa moja huchukua saa moja kuinakili, hakuna njia ya mkato, nayo hujaza gigabaiti 13 hivi. Picha hutoka kwenye kamera ya zamani kwa waya wa FireWire, na hapo ndipo jibu la kompyuta mpakato linapoanzia. Kompyuta za siku hizi haziji na tundu la FireWire. Tundu hilo huongezwa kwa kadi ndogo inayochomekwa ndani kwenye madabodi, katika mlango wa PCI Express. Kompyuta mpakato haina mlango huo. Madabodi ndogo kabisa ya mezani ina mmoja tu, nao utachukuliwa na kadi ya picha. Ndiyo sababu tumechagua madabodi ya ukubwa wa ATX, yenye milango kadhaa na nafasi nne za RAM, na kasha kubwa la kuibeba. Halipendezi mezani, lakini linafunguka na kuingia mkono wa fundi.

Kazi ya pili ni filamu mpya: mafunzo ya maji safi, chanjo, hifadhi ya udongo, na taarifa za miradi ambazo wafadhili huzitaka. Kamera yetu ikirekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja hula gigabaiti 45. Ukimhoji mzee kwa saa mbili kwa kamera mbili, tayari ni gigabaiti 180, na hujaanza kukata.

Sasa prosesa. Kamera hubana picha ili zienee kwenye kadi, na kompyuta lazima izifungue tena kila unapozitazama. Prosesa nyingi za Intel zina sehemu ndani yake iliyotengenezwa kwa kazi hiyo hasa, na inaiondolea kompyuta mzigo mkubwa. Lakini mnunuzi aangalie herufi inayofuata namba. Prosesa yenye herufi F mwishoni huuzwa bei nafuu kidogo kwa sababu sehemu hiyo ya picha imezimwa. Kwa mwenye kucheza michezo ya kompyuta si neno, kwa mhariri wa video ni hasara. Tumeandika herufi hiyo kwa wino mwekundu kwenye karatasi ya manunuzi.

Kadi ya picha ndiyo kipuri ambacho vijana wetu wa vyombo vya habari walikipigania zaidi, na ndicho tulichokipunguza. Programu tunayotumia, DaVinci Resolve, kweli huitegemea sana kadi hiyo, hasa katika kusahihisha rangi. Tumechukua ya daraja la kati yenye kumbukumbu yake ya gigabaiti 8, tukaacha ile ya bei mara mbili. Hatutengenezi filamu za vita vya angani. Mzee ameketi chini ya mti, anaongea. Toleo la bure la programu hiyo hutoa picha hadi 4K ya kawaida, nasi limetutosha. Zile programu za kulipia kila mwezi au kila mwaka ni kodi ya nyumba isiyokwisha, na mfadhili akiondoka utaachiwa mlango uliofungwa. Kwa kunakili kanda tunaweka diski ndogo ya pili yenye Linux, ambayo ni ya bure na inaielewa FireWire vizuri.

RAM tumeweka gigabaiti 32, katika vipande viwili vya 16, kwa sababu viwili hufanya kazi kwa pamoja na kwa kasi kuliko kimoja kikubwa. Nafasi mbili zinabaki wazi. Bei ya RAM ilipanda sana duniani mwishoni mwa mwaka 2025, hivyo nyongeza itasubiri.

Kwenye diski hatukubana mkono. Mfumo na programu vinakaa kwenye SSD ya NVMe. Kazi inayohaririwa iko kwenye SSD ya pili, ili usomaji wa picha usigombane na mfumo. Kazi iliyokwisha na kanda zilizonakiliwa huhamia diski ya kuzunguka ya terabaiti 8, ambayo ni ya polepole lakini nafuu kwa kila gigabaiti. Kisha kuna nakala mbili za nje: moja ofisini Karatu katika chumba kingine, nyingine Arusha. Mtu aweza kuona tatu ni nyingi. Usharika mmoja ulihifadhi miaka 9 ya kwaya yake kwenye diski moja ya mkononi. Siku ilipoanguka kutoka mezani, fundi aliirudisha ikiwa tupu. Diski ya kuzunguka ina sahani na sindano ndani yake, na haipendi kutikiswa. Mtu aliyewahi kusafiri barabara ya Endulen hahitaji maelezo zaidi. Kwa hiyo kwenye gari tunabeba SSD tu, isiyo na kitu kinachozunguka.

Tumebaki na umeme, na hapa tunaomba uvumilivu wa wasomaji kwa sababu ndipo kamati nyingi hukata bajeti. Umeme wetu ni wa volti 230, kwenye karatasi. Kwenye ukuta hushuka, hupanda, hukatika na kurudi kwa kishindo. Kurudi huko ndiko kunakoua. Kompyuta ikizimika katikati ya kuandika faili, kazi ya wiki huweza kuharibika bila kipuri chochote kuungua. Tunachohitaji ni UPS yenye kurekebisha volti, na iwe na nguvu inayolingana na mzigo. Dukani wataonyesha iliyoandikwa 650 VA. Namba hiyo si wati. UPS ya namna hiyo mara nyingi hutoa wati zisizofika 400, na kompyuta ya kuhariria pamoja na skrini yake ikiwa kazini huzikaribia. Tumechagua ya 1500 VA, inayotoa wimbi kamili la umeme kama la gridi. Zile za bei ya chini hutoa wimbi la ngazi-ngazi, na baadhi ya pawasaplai za kisasa hulikataa na kuzima papo hapo, yaani UPS inashindwa katika dakika ile ile uliyoinunulia. UPS yetu si ya kuendelea kufanyia kazi gizani. Inatupa dakika kadhaa za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu.

Pawasaplai yenyewe ni ya wati 650, ya kampuni inayojulikana, yenye alama ya 80 Plus. Mafundi wa mitaani huziita zote sawa. Hazilingani: iliyo mbovu ikifa hufa na wenzake.

Ukijumlisha UPS, pawasaplai na diski za akiba, kati ya kila shilingi 10 za kompyuta hii karibu shilingi 4 zimekwenda kwenye vitu ambavyo havionekani kwenye picha hata kidogo. Hayo ndiyo tuliyojadiliana kwa muda mrefu na mweka hazina, naye akakubali.

Baridi ya Karatu inatusaidia; mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na feni hazihangaiki. Adui ni vumbi jekundu la kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba. Kasha lina vichujio vinavyotoka na kuoshwa kwa maji, na feni za kuingiza hewa ni nyingi kuliko za kutoa, ili hewa isipenye kwenye nyufa ambazo hazina kichujio.

Kwa marafiki wanaotutumia kompyuta zilizotumika, tunashukuru, na tunasema hili kwa upendo. Windows 10 ilikoma kuhudumiwa Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi za kabla ya 2017. Kompyuta ya namna hiyo yafaa kwa kuandika barua, kwa video inatuongezea mzigo wa kuitupa. Isipokuwa moja: mwenye kompyuta ya zamani yenye tundu la FireWire, au kamera ya MiniDV ambayo bado inachezesha kanda, asiitupe. Tunaihitaji kuliko kadi mpya ya picha.

Kwa kamati za sharika: tafadhali kusanyeni kanda zenu, andikeni juu ya kila moja mwaka, mahali na majina ya wanaoonekana, kwa kumuuliza mtu aliyekuwapo. Msizijaribu kwenye mashine iliyokaa miaka bila kutumika. Kichwa kichafu huchana utepe. Zikaeni mahali pakavu, zikisimama wima kama vitabu. Zilizo na ukungu mweupe zifungwe peke yake kwenye mfuko, zisichanganywe na nyingine. Sharika za Karatu zizilete ofisi ya jimbo. Walio Endulen na Nainokanoka wasihangaike na nauli. Gari la mradi litazichukua likirudi kutoka semina ya wainjilisti, nazo ndizo zitakazonakiliwa kwanza.