Je, Wajua? Siku Moja Kwenye Barabara ya Alaska

Mwezi wa Juni mjini Whitehorse, katika eneo la Yukon, kaskazini-magharibi mwa Kanada, jua hukaa angani kwa takriban saa 19. Ndiyo maana wasafiri wa magari-nyumba, yale yenye kitanda na jiko ndani, hawana haraka ya kuondoka asubuhi. Kutoka hapo hadi Beaver Creek, kijiji cha mwisho kabla ya mpaka wa Alaska, ni kilomita 450 hivi, na vituo vya mafuta njiani vinahesabika kwa vidole.

Je, wajua kuwa upande wa kushoto wa njia hiyo umejificha mlima unaoushinda Kilimanjaro kwa mita 64? Ni Logan, wenye mita 5,959. Kilimanjaro husimama peke yake, hata mtu aliye shambani kwake Moshi huuona. Logan umezongwa na wenzake, na dereva anaweza kupita siku nzima asiuone.

Ukifika Ziwa Kluane utavuka daraja refu. Mto uliokuwa ukipita chini yake ulikauka mwaka 2016, ndani ya siku chache tu. Barafu ya mlimani iitwayo Kaskawulsh ilikuwa imesinyaa kwa joto, maji yake yakapata mkondo mwingine: yakaacha kwenda kaskazini hadi Bahari ya Bering, yakageukia kusini kuelekea Pasifiki. Siku hizi upepo ukivuma, vumbi hutimka pale palipokuwa na maji. Huwezi kupita hapo moyo usikuume.

Baada ya kijiji cha Destruction Bay, vikombe huanza kugongana kabatini. Lami imejikunja kama mawimbi, na vibendera vidogo kando ya njia hukuonya upunguze mwendo. Chini yake kuna ardhi iliyoganda tangu enzi na enzi. Waliochonga njia hii walilijua jambo hilo kwa uchungu: tingatinga zilikwangua miti na zulia la mimea laini lililokinga barafu isipigwe na jua, barafu ikayeyuka, na malori yakazama kwenye tope. Dawa ikawa kuacha zulia lile lilivyo, kulaza magogo juu yake, gogo kando ya gogo, kisha kumwaga changarawe. Kwa maneno mengine, walijifunza kuifunika barafu ili isiamke.

Na je, wajua walikuwa akina nani? Japani ilipoishambulia Pearl Harbor, kambi ya wanamaji wa Marekani, Desemba 1941, Marekani iliogopa Alaska ingefuata. Wanajeshi zaidi ya 10,000 wakatumwa, wakafungua zaidi ya kilomita 2,400 za msitu kati ya Machi na Oktoba 1942. Karibu theluthi moja yao walikuwa Wamarekani weusi, wengi wakitoka majimbo ya kusini yenye joto, wakilala kwenye mahema katika baridi ambayo hawakuwahi kuionja. Jenerali Simon Bolivar Buckner, mkuu wa majeshi ya Alaska, alipinga kwa maandishi kuletwa kwao, akihofia wangehamia huko moja kwa moja.

Tarehe 25 Oktoba 1942, karibu na Beaver Creek, Koplo Refines Sims, mtu mweusi kutoka Philadelphia, alikuwa akisukuma miti kwa tingatinga lake alipoona miti mingine ikiangukia upande wake. Akarudi nyuma upesi. Kwenye mwanya likatokeza tingatinga la pili, likiendeshwa na Alfred Jalufka, mzungu wa Texas. Pande mbili za barabara zilikuwa zimekutana. Picha yao wakishikana mikono, kila mmoja akiwa juu ya mtambo wake, ipo hadi leo.

Raia walifunguliwa barabara hiyo mwaka 1948, mwaka uleule ambao Rais Harry Truman aliamuru jeshi la Marekani liache kuwatenga askari kwa rangi.